Bristol South East: Jimbo Lililomchagua Mtu Aliyekatazwa na Sheria

Bristol South East lilikuwa jimbo la uchaguzi la Bunge la Uingereza kuanzia Februari 1950 hadi Juni 1983. Kwa nchi ambayo majimbo yake mengine yana historia ya karne nyingi, miaka 33 ni umri mdogo. Waliowahi kuliwakilisha ni watatu tu: Stafford Cripps, Tony Benn na Malcolm St Clair. Cripps alikaa miezi michache. St Clair alikaa miaka miwili bila kuongoza kwa kura hata mara moja. Muda uliobaki wote ni wa Benn, na ndani yake kuna sakata la kuanzia 1960 hadi 1963 ambalo ndilo linaloipa historia ya jimbo hili uzito wake: wapiga kura walimchagua mtu ambaye sheria ilisema hachaguliki, na mwishowe iliyosalimu amri ikawa sheria.

Mji wenyewe wa Bristol uko magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Avon, karibu na unapomwaga maji yake katika lango la Severn. Utajiri wake wa zamani ulitokana na bandari, na sehemu kubwa ya utajiri huo katika karne ya 18 ilitokana na biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi na bidhaa za mashamba yaliyolimwa na watumwa hao, yaani sukari na tumbaku. Baadaye vikaja viwanda: sigara za ukoo wa Wills na chokoleti za ukoo wa Fry. Upande wa mashariki ulikuwa wa watu wa kipato cha chini, kwa sababu eneo la St George na vitongoji vinavyopakana na Kingswood lilikaa juu ya makaa ya mawe. Wachimbaji, mafundi viatu na vibarua wa viwandani ndio waliojaza mitaa hiyo, na hao ndio waliokuja kuwa mtaji wa kisiasa wa chama cha Labour.

Hadi 1885 Bristol yote ilikuwa jimbo moja lenye wabunge wawili. Mmoja wao, kuanzia 1774 hadi 1780, alikuwa Edmund Burke, ambaye mara tu baada ya kuchaguliwa aliwaambia wapiga kura wake kwamba mbunge si tarishi wa kutumwa, ni mtu wa kutumia akili yake hata pale anapokwenda kinyume na matakwa yao. Hotuba hiyo bado inasomwa na wanafunzi wa siasa. Kisichotajwa sana ni kwamba watu wa Bristol hawakuridhika naye, na mwaka 1780 alijitoa kabla hawajamtoa. Suala la nani hasa mwenye kauli ya mwisho kati ya mbunge, mpiga kura na sheria lilianza mapema katika mji huu.

Mwaka 1885 mji uligawanywa katika majimbo manne, na upande wa mashariki ukawa Bristol East. Mbunge wake wa kwanza, Handel Cossham, alikuwa Mliberali na mmiliki wa migodi ya makaa ya mawe. Kwa maneno mengine, wachimbaji walimchagua tajiri wao. Hali hiyo haikudumu. Katika uchaguzi mdogo wa 1895, msoshalisti wa hapo hapo mjini, Hugh Holmes Gore, alimkaribia Mliberali William Henry Wills, wa ukoo wa tumbaku, akashindwa kwa kura zisizofika 200. Chama cha Labour chenyewe kilikuwa hakijazaliwa. Mwaka 1923 Walter Baker alilichukua jimbo kwa tiketi ya Labour, na alipofariki mwishoni mwa 1930, chama kikamleta mwanasheria maarufu aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia siasa: Stafford Cripps.

Cripps alishinda uchaguzi mdogo wa Januari 1931. Miezi saba baadaye Labour ilivunjika vipande, na katika uchaguzi mkuu wa Oktoba ikabakiwa na viti 52 tu nchi nzima. Bristol East ilibaki, lakini kwa kura 429. Tangu hapo jimbo likamzoea. Mwaka 1939 chama kilimfukuza kwa kushikilia kwamba Labour iungane na vyama vingine, wakomunisti wakiwemo, kupinga ufashisti, lakini jimbo halikumwacha. Wakati wa vita alikuwa balozi Moscow, akarudi kuwa waziri, na mwaka 1947 akawa Waziri wa Fedha. Ni yeye aliyetangaza, Septemba 1949, kushushwa kwa thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imefungwa kwenye pauni kwa kiwango cha shilingi 20, iliteremka pamoja nayo siku hiyo hiyo, wenye shilingi wakiwa hawajaulizwa.

Mipaka mipya iliyoanza kutumika mwaka 1950 iliifuta Bristol East na kuzaa Bristol South East, yenye St George upande mmoja na Brislington upande wa pili wa mto. Cripps alihamia humo na kushinda kirahisi, lakini mwili ulikuwa umechoka. Oktoba mwaka huo alijiuzulu kwa ugonjwa, na mwaka 1952 akafariki nchini Uswisi.

Kiti kilikuwa cha uhakika, na viti vya uhakika havikosi wenye njaa navyo. Aliyeonekana kufaa zaidi ni Arthur Creech Jones, jina lisilo geni kwa wanaosoma historia ya Tanganyika, Kenya na Uganda, kwani ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1946 hadi alipopoteza kiti chake cha Shipley Februari 1950. Wanachama wa Labour wa jimboni walimpita waziri huyo mstaafu wakamteua mtayarishaji wa vipindi wa BBC mwenye miaka 25, Anthony Wedgwood Benn, ambaye baadaye alijulikana kwa kifupi kama Tony Benn. Tarehe 30 Novemba 1950 alishinda uchaguzi mdogo kwa tofauti ya kura zaidi ya 7,000. Alikuwa mbunge mdogo kuliko wote kwa siku moja tu, kisha akaapishwa Thomas Teevan wa Belfast aliyekuwa na miaka 23.

Uteuzi huo ulikuwa na kasoro moja ambayo kila mtu aliiona na hakuna aliyejua itatatuliwaje. Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili: lile la wabunge wanaochaguliwa majimboni na lile la malodi, ambalo wakati huo wajumbe wake wengi waliingia kwa kurithi. Lodi hakuruhusiwa kuwa mbunge wa kuchaguliwa, na katika uchaguzi mkuu hakuruhusiwa hata kupiga kura. Babake Benn, William Wedgwood Benn, aliyewahi kuwa waziri wa masuala ya India, alipewa ulodi mwaka 1942 kwa jina la Viscount Stansgate, kwa sababu Labour ilikuwa na uhaba wa watu katika Baraza la Malodi. Kabla ya kukubali alimshirikisha mwanawe mkubwa, Michael, aliyekusudia kuwa mchungaji wa kanisa na asiyekuwa na haja ya kugombea ubunge. Michael, rubani wa jeshi la anga, alifariki akiwa kazini mwaka 1944. Urithi ukamwangukia Tony. Siku ambayo baba angefariki, mwana angekuwa lodi papo hapo, atake asitake, na ubunge wake ungekwisha.

Benn hakungoja msiba. Mwaka 1955 alijaribu kupitisha muswada wa kumruhusu yeye binafsi kuukataa urithi huo, na babake akaubeba mwenyewe katika Baraza la Malodi. Ulikataliwa. Si yeye wa kwanza kugonga ukuta huo: Quintin Hogg, Mhafidhina, alirithi ulodi wa babake mwaka 1950 akapoteza kiti chake, na ombi lake kwa Waziri Mkuu Attlee kwamba sheria ibadilishwe halikuzaa kitu. Wenye nguvu wa vyama vyote viwili waliona suala lenyewe ni la watu wachache, na kugusa urithi wa ulodi kungeweza kufungua mlango ambao hawakuutaka ufunguliwe.

Viscount Stansgate alifariki tarehe 17 Novemba 1960. Benn alikuwa ameshinda uchaguzi mkuu wa 1959 kwa kura 26,273 dhidi ya 20,446 za Mhafidhina Malcolm St Clair. Sasa Spika akaagiza asiruhusiwe kuingia ukumbini. Benn alitia saini hati ya kujivua ulodi, ikarudishwa. Alipeleka hoja yake kwenye kamati ya haki na kinga za Bunge, na kamati hiyo ikasema, Machi 1961, kwamba kwa sheria ilivyo yeye si mbunge tena. Aliomba ajitetee mbele ya wabunge. Wakapiga kura kumnyima. Kiti kikatangazwa wazi na uchaguzi mdogo ukaitishwa.

Hapa ndipo jimbo lilipoingia lenyewe katika shauri. Chama cha Labour cha Bristol South East kilimteua tena mtu yule yule. Msimamizi wa uchaguzi alipokea fomu zake, kwa sababu zilijazwa sawasawa na yeye hakuwa na mamlaka ya kuamua nani ana sifa na nani hana. Wahafidhina wakamsimamisha tena St Clair. Upande wa St Clair ulitoa matangazo ya kuwaonya wapiga kura kwamba Benn hana sifa na kwamba kura watakazompa zitakuwa zimetupwa. Onyo hilo lilitolewa kwa makusudi, si kwa ajili ya kampeni peke yake bali kwa ajili ya mahakama itakayofuata. Upande wa Benn nao ulisambaza nakala za barua ya Winston Churchill iliyounga mkono haki ya mtu kukataa urithi huo. Kumwona Churchill akitumika kumpigia debe msoshalisti lilikuwa jambo ambalo wazee wa St George hawakulitarajia.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba karatasi za kura za Uingereza wakati huo hazikuwa na majina ya vyama; yalianza kuandikwa mwaka 1970. Mpiga kura alikuta majina, anwani na kazi za wagombea, basi. Hakuna aliyeweza kumpigia Benn kwa kufuata nembo. Tarehe 4 Mei 1961 watu 23,275 waliweka alama mbele ya jina lake, na 10,231 mbele ya jina la St Clair. Pengo la 1959 lilikuwa kura 5,827. Sasa lilifika 13,044. Kwa mtu ambaye kila karatasi ya kampeni ya mpinzani wake ilisema hafai kuchaguliwa, asilimia 69.5 ni jibu lisilo na utata. Bila shaka wamo Wahafidhina waliobaki nyumbani, na wamo waliompigia kwa kuchukizwa na sheria kuliko kwa kuipenda Labour.

Siku nne baadaye Benn alifika bungeni kama mbunge mteule yeyote. Mlinzi wa mlango wa ukumbi, kwa amri ya Spika, akamzuia kuingia. Hakukuwa na vurugu. Mlinzi alifanya kazi yake, Benn akarudi nyuma, na waandishi wa habari wakapata habari yao. Tukio lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko muda wa kulisimulia, lakini lilionyesha waziwazi kile ambacho hoja za kisheria zilikuwa zinakificha: mwenye kura 23,275 alikuwa nje.

St Clair alifungua kesi ya uchaguzi. Msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea kuona mahakama zikijaa kesi za aina hiyo baada ya kila uchaguzi mkuu, huenda akashangaa kuambiwa kwamba Uingereza yenyewe, ilikotoka mila hiyo, kesi hizo ni nadra sana. Ilisikilizwa Julai 1961 na majaji wawili, Gorman na McNair. Benn alijitetea mwenyewe, bila wakili wa kumsemea, kwa hoja kwamba lodi hawi lodi kwa damu tu. Anakuwa lodi anapoitwa rasmi kwenye Baraza la Malodi na kuitikia, na yeye hakuomba kuitwa. Majaji walikiri kazi kubwa aliyoifanya, lakini hawakukubali. Ulodi wa kurithi, walisema, unamfuata mtu kwa kuzaliwa.

Hapo ingetosha kuufuta ushindi na kuitisha uchaguzi mwingine. Mahakama ilikwenda mbali zaidi. Kanuni ya zamani ya sheria za uchaguzi za Uingereza ilisema kwamba kama wapiga kura walijua kabisa kwamba mgombea hana sifa na bado wakampigia, basi kura zao ni sawa na zisizopigwa. Kanuni hiyo ilikuwa imetumika miaka sita tu nyuma, huko Fermanagh and South Tyrone katika Ireland ya Kaskazini, ambako Philip Clarke wa Sinn Féin alishinda mwaka 1955 akiwa kifungoni, na kiti chake akapewa mpinzani aliyeshindwa. Bristol hakuna aliyeweza kudai hakujua. Suala lilikuwa kwenye kila gazeti. Kura 23,275 zikahesabiwa sifuri, na tarehe 28 Julai 1961 St Clair akatangazwa mbunge kwa kura zake 10,231.

Ni rahisi kumgeuza St Clair mwizi wa kiti, na si haki. Alifuata sheria kama ilivyokuwa, na yeye mwenyewe alikuwa katika mstari wa kurithi ulodi wa Uskoti wa ukoo wa Sinclair, kwa hiyo shimo lililommeza Benn lilikuwa linamngojea na yeye. Aliahidi kwamba sheria ikibadilishwa ataachia kiti. Kosa halikuwa lake bali la kanuni iliyomwadhibu mpiga kura kwa kuwa na habari. Mjinga asiyejua lolote kuhusu mgombea wake angehesabiwa kura, wakati mwenye kuelewa vizuri kabisa anachokifanya hakuhesabiwa. Mantiki hiyo ingeeleweka kama lengo lingekuwa kuzuia kura za mzaha. Bristol South East haikuwa inafanya mzaha.

Serikali ya Waziri Mkuu Macmillan, Mhafidhina, ilijikuta pabaya. Kuendelea kukaa na mbunge aliyeshindwa kwa kura 13,044 kulikuwa aibu ya kila siku, na ndani ya chama cha Wahafidhina wenyewe walikuwamo vijana wenye baba malodi ambao siku moja yangewakuta yale yale. Kamati ya pamoja ya mabaraza yote mawili ikaundwa, na mwishoni mwa 1962 ikapendekeza lodi wa kurithi aruhusiwe kukikana cheo chake kwa maisha yake. Muswada wa serikali ulitaka sheria ianze kutumika baada ya Bunge lile kuvunjwa, yaani uchaguzi mkuu utakapofika. Malodi walirekebisha kifungu hicho ili sheria ianze mara moja. Marekebisho hayo yalionekana madogo, hayakuwa madogo.

Sheria ya Vyeo vya Ulodi ilipata idhini ya Malkia saa 12 jioni ya tarehe 31 Julai 1963. Saa 12 na dakika 22 Benn alikuwa amekwisha kukabidhi hati yake ya kujivua, mtu wa kwanza kuitumia. St Clair alitimiza ahadi. Kwa kuwa mbunge wa Uingereza, kwa kanuni ya tangu karne ya 17, hawezi kujiuzulu moja kwa moja, aliomba cheo cha jina tu cha kifalme ambacho anayekipata hupoteza ubunge, na kiti kikawa wazi.

Uchaguzi mdogo wa 20 Agosti 1963 ulikuwa wa kukamilisha taratibu. Wahafidhina hawakusimamisha mtu, wala Waliberali. Aliyejitokeza ni Edward Martell, mchapishaji magazeti wa mrengo wa kulia, aliyepata kura 4,834 dhidi ya 20,313 za Benn. Wagombea wengine wawili hawakufikisha kura 400 kwa pamoja na kila mmoja akapoteza dhamana yake ya pauni 150.

Mji ulikuwa na jambo jingine kubwa wakati huo huo. Tangu Aprili, Wakaribi wa Bristol, wakiongozwa na Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao, walikuwa wamesusia mabasi ya kampuni ya mji iliyokataa kuajiri madereva na makondakta weusi, huku tawi la chama cha wafanyakazi wa usafiri likiunga mkono ubaguzi huo. Kwa mwanasiasa wa Labour hilo lilikuwa jaribio gumu, kwa sababu waliokuwa wanabagua walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, watu wake mwenyewe. Benn alisema hadharani kwamba atakaa mbali na mabasi hayo. Kampuni ilisalimu amri tarehe 28 Agosti, siku nane baada ya uchaguzi. Ushindi huo wa Bristol unatajwa miongoni mwa mambo yaliyoandaa njia ya sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi, ya 1965.

Lile badiliko dogo la malodi lilizaa matunda yake mwezi Oktoba. Macmillan alitangaza kung'atuka kwa ugonjwa wakati chama chake kikiwa mkutanoni Blackpool, na kwa kuwa sheria mpya ilikwisha kuanza kazi, malodi wawili wakaingia kwenye kinyang'anyiro cha uongozi. Mmoja alikuwa Quintin Hogg yule yule wa 1950, ambaye sasa aliitwa Lord Hailsham. Aliyeshinda alikuwa wa pili, Lord Home, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alichukua uwaziri mkuu tarehe 19 Oktoba, akaukana ulodi wake tarehe 23, kisha akagombea uchaguzi mdogo huko Uskoti na kushinda tarehe 7 Novemba. Kwa majuma mawili Uingereza ilikuwa na Waziri Mkuu asiyekuwa mjumbe wa baraza lolote la Bunge. Ndiye aliyekuwa madarakani Zanzibar na Kenya zilipopata uhuru Desemba 1963. Benn, aliyepigana ili arudi bungeni kuwapinga Wahafidhina, ndiye aliyewafungulia njia ya kumpata kiongozi wao. Wao walishindwa mwaka uliofuata, kwa viti vichache sana.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia katika upande wa kura. Benn alishinda 1964, 1966, 1970 na mara mbili mwaka 1974. Alishika uwaziri wa posta, wa teknolojia, wa viwanda na wa nishati. Jambo lililomgusa mpiga kura wake moja kwa moja ni ndege ya Concorde, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Ufaransa katika kiwanda cha Filton, nje kidogo ya mji, ambako ndege ya kwanza ya upande wa Uingereza iliruka Aprili 1969. Serikali zilipofikiria kuufuta mradi huo kwa gharama zake, waziri mwenye jimbo Bristol alikuwa na sababu mbili za kuutetea, na mtu akitaka kuzitenganisha atapata kazi. Kama mradi wa kibiashara Concorde haikulipa. Kama mradi wa ajira Bristol, ilifanya ilichotakiwa.

Taratibu jimbo lilikuwa linabadilika. Migodi ilikuwa imefungwa zamani, viwanda vya zamani vilipungua, na watu wengi zaidi wakawa wenye nyumba zao. Benn mwenyewe alikuwa anaelekea kushoto kila mwaka huku magazeti yakimchora kama tishio kwa taifa. Mei 1979, Margaret Thatcher alipoingia madarakani, Benn aliponea kwa kura 1,890. Septemba 1981 aligombea unaibu kiongozi wa Labour akashindwa na Denis Healey kwa chini ya asilimia moja, na chama kikabaki kimepasuka.

Kilichomaliza Bristol South East hakikuwa kura wala mahakama. Tume ya mipaka ilikuwa imeona kwamba Bristol inastahili majimbo manne badala ya matano, na jimbo hili likagawanywa. Labour ilikwenda mahakamani kwa jina la kiongozi wake, Michael Foot, kupinga mapendekezo ya mipaka ya nchi nzima, ikashindwa. Kiti kilichoonekana salama mjini kilikuwa Bristol South. Benn alikitaka, lakini tayari kilikuwa na mwenyewe, Michael Cocks, mnadhimu mkuu wa Labour bungeni, na wajumbe wakamchagua Cocks. Benn alishauriwa akatafute kiti salama kwingineko, hata Uskoti, akakataa, kwa maelezo kwamba watu wa Bristol walisimama naye mwaka 1961 na hawezi kuwakimbia mambo yakiwa magumu. Alibaki na Bristol East iliyofufuliwa kutoka sehemu ya jimbo lake la zamani, na huko hesabu za mipaka mipya zilikuwa upande wa Wahafidhina.

Tarehe 9 Juni 1983 Labour ilipata asilimia 27.6 ya kura za nchi nzima, asilimia ndogo kuliko zote kwake tangu 1918. Jonathan Sayeed wa Wahafidhina alimshinda Benn kwa kura 1,789. Uaminifu huo kwa Bristol ulimgharimu kuliko alivyotarajia. Foot alijiuzulu, uongozi wa Labour ukawa wazi, na kwa kanuni za chama mgombea alipaswa kuwa mbunge. Benn hakuwa. Neil Kinnock alichaguliwa Oktoba bila mpinzani mkubwa wa mrengo wa kushoto, na mwelekeo wa chama kwa miaka kumi iliyofuata ukawa mwingine. Haijulikani kama Benn angeshinda. Kilicho wazi ni kwamba shindano lenyewe lingekuwa tofauti kama ile mistari ya ramani ya Bristol ingepita mtaa mwingine. Mwaka 1984 alirudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Chesterfield, akakaa huko hadi 2001.

Bristol East ilirudi Labour mwaka 1992, Jean Corston aliposhinda. Sheria ya 1963 nayo ilipungukiwa na kazi baada ya mageuzi ya 1999 kuwaondoa malodi wengi wa kurithi na kubakiza 92. Tangu hapo mrithi wa ulodi asiyeketi katika Baraza la Malodi anaweza kugombea ubunge akiwa na cheo chake, na Viscount Thurso alifanya hivyo mwaka 2001 akashinda. Hati ya Benn ilimfunga yeye peke yake. Alipofariki Machi 2014, cheo cha Viscount Stansgate kikaenda kwa mwanawe mkubwa, Stephen, ambaye Julai 2021 aliingia Baraza la Malodi kwa upande wa Labour, kupitia uchaguzi mdogo wa malodi ambao mgombea alikuwa yeye peke yake.